Mashine Iliyoitwa Maiti

Kule Butembo, mji wa Kivu, watu walimwogopa Kavira Séphora kuliko walivyomwogopa askari. Askari alikunyang'anya redio, ukalia, ukanunua nyingine. Séphora alikunyang'anya heshima mbele ya watu kwa maneno matatu ama manne, na heshima haiuzwi katika duka lolote la mjini, hata yale ya matajiri wanaokwenda Dubai.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hajaolewa, na wote walimwita Mademoiselle, wengine kwa adabu, wengine kwa kulipiza kisasi. Baba yake, mkulima wa viazi kule Alimbongo, alimsomesha kwa masista mpaka akapata diploma. Tangu hapo alikuwa secrétaire wa parokia. Ndiye aliyeandika vyeti vya ubatizo, matangazo ya ndoa, majina ya wanafunzi na barua za Abbé Siméon kwa askofu. Abbé Siméon, padri wa parokia, mtu mpole mwenye ugonjwa wa sukari, alitia sahihi bila kusoma. Siku moja alikuwa amejaribu kusahihisha koma, na hakurudia tena.

Fahari ya Séphora ilikuwa kompyuta. Misionari mmoja mzee, alipokuwa anarudi kwao mwaka wa 1995, aliiachia parokia Macintosh yake pamoja na kitabu kinene cha Kifaransa cha kuielezea. Hakuna aliyemfundisha Séphora. Alikisoma kile kitabu Kwaresima nzima, na ilipofika Pasaka aliijua ile mashine kama mtu anavyoijua sufuria yake. Umeme aliupata kwa panneau za jua zilizokuwa juu ya mabati. Wageni walipoingia ofisini na kuanza kuigusa skrini kwa vidole, aliwauliza kama kwao wanasalimia watu kwa kuwatia vidole machoni.

Ndani ya mashine hiyo alikuwa na kazi yake mwenyewe, ambayo hakutumwa na mtu: kitabu cha nyimbo za kanisa kwa Kinande, lugha ya huko, nyimbo mia mbili na kumi na mbili. Kinande kina sauti ambazo Kifaransa hakina, na herufi zake hazikuwamo katika mashine. Séphora alizichora mwenyewe, moja moja, akazitia ndani. Ilimchukua miaka mitatu. Mtu akimwuliza kitabu kitatoka lini, alijibu: «Kitatoka wakati weye utajua kuimba.»

Mwaka wa 2000 mji ulikuwa chini ya mouvement, yaani waasi waliokuwa wameweka serikali yao Beni. Séphora alisema jina hilo linawafaa sana, kwa sababu tangu wafike, kila kitu cha watu kinahama. Siku moja ya mwezi wa tano, saa tatu asubuhi, gari lao likasimama mbele ya parokia. Wakashuka askari wanne na karatasi yenye mihuri miwili. Karatasi ilisema kwamba kompyuta inachukuliwa kwa kazi za administration.

Séphora aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

«Réquisition iko na s mbili hapa,» alisema. «Donc hii karatasi iliandikwa na mutu mwenye hapana jua kuandika. Na ni yeye anatafuta ordinateur?»

«Mama, sisi tulitumwa tu,» akajibu mkubwa wao.

«Minaona. Hata mbuzi banaituma sokoni.»

Abbé Siméon alimvuta kwa mkono, akamwomba kwa macho anyamaze. Askari wakaingia. Walipokuwa wanabishana nani abebe nini, Séphora alijifanya anafuta vumbi kwenye meza. Akachomoa souris, kile kipanya cha mkononi ambacho bila hicho Macintosh haisogei hata hatua moja, akakitia katika mfuko wa sketi yake. Wao walibeba skrini, wakabeba clavier, ule ubao wa vitufe vya herufi, wakabeba sanduku, wakabeba hata kitambaa cha kufunikia. Kitabu kinene cha maelezo walikiacha mezani.

«Kitabu hapana beba,» Séphora alimwambia Abbé gari lilipoondoka. «Bakiona kitabu banakimbia.»

Wiki tatu zikapita. Kisha kutoka Beni ikaja habari ambayo Séphora alikuwa anaingoja: mashine ilikuwa imekufa. Aliyeileta ni Fadhili, Mwislamu wa Beni mwenye camionnette ya Toyota iliyokuwa inapeleka watu na bidhaa kati ya miji hiyo miwili, mtu ambaye hakuna habari iliyompita. Alisema directeur wa informatique wa mouvement, mkubwa wa mambo yao ya kompyuta, mtu anayeitwa Ézéchiel Muyisa, alikuwa amehangaika nayo mpaka jasho. Siku mbili nzima alikuwa anatafuta pa kuiwashia kwa nyuma, wakati kitufe chake kiko kwenye clavier. Siku ya tatu askari aliweka sahani ya wali juu ya clavier, mashine ikaamka yenyewe. Ézéchiel akachukua souris ya kompyuta za aina nyingine, akaisukuma kwenye tundu lisilo lake mpaka vijipini vya plagi vikapinda. Mshale ukabaki palepale kwenye kona ya skrini. Basi akaandika ripoti: maiti.

Séphora alicheka mpaka akakaa chini. Abbé Siméon hakucheka. Alichukua kalamu, akaandika barua kwa commandant wa Beni, mwenye kauli juu ya vitu vyote vya mouvement. Aliomba kwa unyenyekevu kwamba kama kitu cha parokia hakina faida tena kwao, wakirudishe. Jibu likaja kwa mdomo, kwa huyohuyo Fadhili: kama ni maiti, waje wachukue maiti yao.

«Utaenda weye,» Abbé alimwambia Séphora, «juu weye njo unaijua. Lakini unisikilize vizuri. Unafika, unasalimia, unaonyesha barua, unabeba, unarudi. Usiseme kitu. Bakisema imekufa, weye unasema ndiyo, imekufa. Séphora, minakuomba. Kinywa chako ukiache hapa Butembo.»

«Abbé, mimi niko mutoto?»

«Mutoto ningemutuma bila kuogopa.»

Aliondoka asubuhi ya Jumanne, amekaa mbele karibu na Fadhili, mkoba kwenye magoti. Ndani ya mkoba mlikuwa na barua, chapati mbili na souris iliyofungwa katika kitambaa. Pale Maboya, kwenye barrière, kizuizi cha njiani, askari alifungua mkoba, akauliza kile kilichofungwa ni kitu gani. Fadhili akamwahi: «Ni dawa ya mama, ya tumbo.» Askari akarudisha mkoba haraka.

«Unaona, Mademoiselle,» Fadhili alisema walipopita, «kwa njia hii maneno kidogo ndiyo yanapita.»

«Papa Fadhili, na weye Abbé alikulipa unihubirie?»

Ofisi za mouvement zilikuwa katika nyumba ya zamani ya mnunuzi wa kahawa. Séphora alipoingia katika chumba cha informatique alikuta kompyuta tano zinawaka, groupe ya umeme inanguruma uani ikila mafuta ya watu, na makarani watano wameinama wakifanya kazi kwa bidii ambayo hakuwahi kuiona katika ofisi yoyote ya serikali. Akasogea aone. Kwenye skrini zote tano vifaru vya kijeshi vilikuwa vinapigana katika theluji. Makarani walikuwa wanacheza jeu, mchezo wa kompyuta. Nyuma yao, kwenye rafu, malundo ya majina ya walimu wasiolipwa yalikuwa yanangoja mtu wa kuyaandika. Mwalimu mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia mkononi, na alisema alikuwa amekaa hapo tangu jana.

Ézéchiel Muyisa alitoka nyuma ya meza yake. Alivaa kravati ya rangi ya machungwa, na kiunoni alining'iniza funguo nyingi kama mlinzi wa gereza, ingawa chumba kilikuwa na mlango mmoja. Alisoma kidogo Kampala, na habari hiyo aliitoa kabla hujamwuliza jina.

«Parokia ya Butembo? Ah, ile kitu.» Alionyesha kona, ambako Macintosh ilikuwa chini, imefunikwa kwa gunia. «Mama, ile haikuwa ordinateur. Ile ni kitu ya bazungu ba zamani. Kampala hakuna mutu anaitumia. Ilikufa kwa sababu ya uzee.»

Séphora alifungua kinywa. Akamkumbuka Abbé. Akafunga.

«Ndiyo, mon directeur,» alisema, na neno hilo lilimpita kooni kama mfupa.

Commandant akaja. Alikuwa mtu mnene, kijana kuliko Séphora, si wa huku, na kila sentensi yake aliitia Lingala. Watu walisema kwamba mwaka uliotangulia alikimbia vita akiwa wa kwanza, na ndiyo sababu alipandishwa cheo: wengine hawakufika. Aliangalia barua, akaangalia gunia.

«Ni hii? Mwasi,» alisema, neno ambalo kwa Lingala ni mwanamke, «kamata yako, ende. Hapa inajaza nafasi tu.» Akaita askari wawili waibebe mpaka kwenye camionnette ya Fadhili. Séphora akashukuru. Askari mmoja akainua sanduku, mwingine skrini na clavier, wakaelekea mlangoni. Hatua sita zilibaki, alizihesabu mwenyewe baadaye, mara nyingi.

Commandant hakuondoka pamoja nao. Alikuwa amesimama nyuma ya karani mmoja, anaangalia vifaru vyake, na uso wake ulikuwa na hamu kama ya mtu anayenusa nyama ya jirani.

«Directeur,» alisema, «nilikuambia minataka jeu hii kwangu nyumbani. Hapa bafanyakazi banaangalia vile ninapoteza, si vizuri kwa mukubwa. Ile machine ya parokia hata kwa hii haiwezi?»

Ézéchiel akacheka, akaweka mkono begani mwa commandant kama rafiki.

«Mon commandant, haiwezekani, hata kama ingekuwa muzima. Jeu hii ilitengenezwa kwa PC. Macintosh haili CD ya PC, ni kama kumupa ng'ombe nyama. Ni informatique, si rahisi kueleza.» Kisha akamgeukia Séphora. «Hata huyu mama alikuwa anaipiga tu kama machine ya kuandika. Bamama ba parokia banajua nini?»

Makarani wakacheka. Hata mwalimu mzee pale kwenye benchi akatabasamu kidogo, ili asionekane mbaya.

Kwenye meza, mbele ya macho ya Séphora, lilikuwa sanduku la ile CD. Lilikuwa na picha ya kifaru; akaligeuza, na chini nyuma, kwa herufi za Kifaransa ambazo mtoto wa darasa la nne angezisoma, liliandikwa kwamba CD hiyo ni ya PC na ya Macintosh, zote mbili.

Abbé Siméon alikuwa mbali, kilomita hamsini na zaidi.

«Mon directeur,» Séphora alisema polepole, «Kampala balikufundisha kusoma, ama balikufundisha kuvaa kravati tu?»

Makarani wakageuza vichwa. Vifaru peke yake viliendelea kupiga kelele.

«Soma hapa.» Alimsogezea sanduku chini ya pua. «Soma kwa sauti, commandant asikie. Hujui? Nitakusomea. Bale balitengeneza jeu hii balijua kama kuko batu ba machine hii na batu ba machine ile, bakatia zote mbili katika CD moja. Kila machine inachukua chakula yake, inaacha ya mwenzake. Ng'ombe na nyama! Weye njo ng'ombe, mon directeur, na balikutia katika bureau.»

«Ile imekufa!» Ézéchiel alipaza sauti. «Nilifanya ripoti!»

«Leteni hapa,» Séphora akawaambia askari waliokuwa wamefika kizingitini. Na wao, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kutiiwa, wakageuka, wakarudi.

Aliiweka mezani mwenyewe. Akafunga nyaya bila kuziangalia. Akafungua mkoba, akatoa kile kitambaa, akatoa souris, akaichomeka. Mashine ikaimba ile sauti yake ya kuamka ambayo hakuisikia zaidi ya wiki tatu, na mshale ukatembea. Akatia CD. Baada ya dakika chache kifaru kikatokea kwenye skrini, katika theluji ileile, bunduki ileile, na rangi, makarani walikubali wote, zilikuwa nzuri kuliko za kwao.

Kicheko kilichopigwa hapo kilisikika mpaka barabarani. Makarani walishika matumbo. Mwalimu mzee alicheka na kofia mdomoni. Commandant alicheka kuliko wote, akampiga Ézéchiel mgongoni, akamwita ng'ombe kwa Lingala na kwa Kiswahili. Ézéchiel alisimama na funguo zake, masikio yamewaka. Séphora alikaa kwenye kiti kama malkia. Kwa muda wa robo saa hivi hapakuwa na mtu mwenye furaha zaidi yake katika Kivu nzima.

Kisha commandant akajipangusa machozi ya kicheko.

«Donc iko muzima,» alisema. «Malamu, ni vizuri. Ipelekeni kwangu nyumbani.»

Séphora alifikiri hakusikia vizuri. «Commandant, weye ulisema tuichukue.»

«Nilisema muchukue maiti. Hii maiti iko wapi? Hapa kila mutu aliniambia imekufa. Ni weye umenionyesha.» Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza hesabu ndogo, na hesabu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomchoma Séphora: miongoni mwa wapumbavu wote wa siku ile, ni mmoja tu aliyekuwa amefikiri sawasawa, na si yeye.

Akaomba. Watu wa Butembo walikuwa hawajawahi kumwona akiomba, na wa Beni hawakujua thamani ya kile walichokiona. Alisema kuhusu nyimbo mia mbili na kumi na mbili, kuhusu herufi alizozichora. Commandant, ambaye hakuwa mtu wa chuki, akamwambia anaweza kuzitoa nyimbo zake kabla hawajaibeba, hapana shida, kanisa ni kanisa. Lakini kuzitoa kulitaka disketi, vile vibamba vya kuhifadhia maandishi, na disketi za Beni nzima zilikuwa katika droo moja, na droo ilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Ézéchiel Muyisa.

«Mon directeur,» Séphora alisema. «Disketi tatu. Tafazali.»

Ézéchiel alirekebisha kravati yake. 

«Disketi ni ya service,» alisema. «Na mimi, ng'ombe, hapana jua kufungua droo.»

Séphora alitoka mbio mpaka sokoni, akazunguka maduka yote, ya Wakristo na ya Waislamu, akiuliza disketi. Walimwonyesha betri, walimwonyesha kaseti za muziki. Aliporudi meza ilikuwa tupu.

Njiani kurudi Fadhili aliendesha mpaka walipopita barrière. Kisha alisema tu: «Mademoiselle, chapati zako hukuzila.» Akala moja yeye, nyingine akamrudishia.

Abbé Siméon naye hakumgombeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni kweli kwamba neno hilo liliandikwa nyuma ya sanduku. Séphora akasema ni kweli. Abbé akasema: «Basi ulikuwa na haki,» na Séphora angependa zaidi apigwe kofi.

Kuhusu mashine, habari zilikuja kidogo kidogo. Commandant alicheza kila siku na alipoteza kila siku, na askari wake walijua, kwa sababu alipokuwa amepoteza vifaru vingi alifunga barrière. Mwaka uliofuata wakubwa wa mouvement waligombana, na yeye akaona heri aondoke. Fadhili alikuwa Mavivi, kwenye uwanja wa ndege, siku hiyo. Ndege ilikuwa ndogo, na rubani alisema vitu ni vizito mno. Commandant akaangalia mali yake, akachagua friji na mbuzi wawili. Macintosh ikabaki kwenye majani, mvua inanyesha. Kabla Fadhili hajafika pale, askari waliobaki walikuwa wameipasua kwa nyundo. Mtu aliwaambia kwamba ndani ya mashine kama hizi mna dhahabu, na wao walidhani ni dhahabu kama ile ya Manguredjipa, ya kuokota kwa mkono.

«Balipata?» Séphora aliuliza.

«Balipata vumbi, Mademoiselle.»

«Afazali. Balipata yenye kubafaa.»

Kazi ya nyimbo alikuwa ameianza upya tangu wiki ile aliyorudi kutoka Beni, kwa mashine ya kuandika ya chuma iliyokuwa inalala katika ghala ya parokia. Herufi za Kinande alizimalizia kwa kalamu, moja moja. Karatasi zake za zamani zilikuwa zimepotea nusu, hivyo Jumapili baada ya misa alikaa na wamama wa chorale wamwimbie yale aliyosahau. Hilo lilimgharimu kuliko uandishi wenyewe, kwa sababu ilimbidi awaombe na kisha awasikilize mpaka mwisho. Wengine walikuwa watu aliowahi kuwaambia hawajui kuimba. Walimwimbia hata hivyo. Mmoja, Mama Vagheni, muuza maharagwe, alimwimbia nyimbo ishirini na nane, na baada ya kila wimbo aliuliza: «Nimeimba vizuri, Mademoiselle?» Na Séphora alijibu kila mara, meno yamebana: «Vizuri, mama.»

Ilichukua miezi kumi na minne. Kitabu kilichapwa kwa stencil mwaka wa 2001, kibaya kwa macho, wino umelowa kwenye kurasa nyingi, na watu wakakinunua chote.

Ézéchiel Muyisa hakupotea. Mouvement ilipomchoka alihamia Butembo, akafungua shule ya informatique karibu na soko, na wanafunzi walijaa. Kwenye kibao aliandika kwamba hapo wanafundisha mashine za aina zote. Faida, mtoto wa dada yake Séphora, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na kidogo ya ule ulimi wa ukoo, alirudi siku moja akicheka. Mjini walikuwa bado wanasimulia namna Mademoiselle alivyomwita directeur ng'ombe mbele ya commandant wake.

«Mama mukubwa, banakusifu mpaka leo! Banasema yule directeur hakuna mujinga kama yeye.»

Séphora alikuwa anapanga vyeti vya ubatizo. Hakuinua kichwa.

«Yule alikuwa mujinga wa kulipwa,» alisema. «Kila mwisho wa mwezi banamupa kitu juu ya ujinga yake. Mimi nilikuwa mujinga wa bure. Sasa toka kwa mulango, unanizibia mwangaza.»